Shahidi wa Mipaka

Mwaka huu nimehamisha mafiga yangu mara nne. Nikishafunga turubai, wachimbaji wakizoea njia ya kuja kula, moyo unaanza kunichemka kabla hata wali haujachemka. Wenzangu tunaopika pamoja kando ya machimbo, upande huu wa Masumbwe, wananicheka, wanasema nimekalia siafu. Siwabishii. Ila wao walikuja hapa kutafuta riziki, na wakichoka watarudi kwao. Mimi napika hatua chache tu kutoka mahali nilipokuwa napanda karanga, na kila nikiinua uso kutoka kwenye sufuria naona shimo jipya.

Wageni hupita hapa, wakamwona mmoja anajenga nyumba ya bati jekundu mjini na mwingine anaponda mawe juani tangu asubuhi, wakauliza imekuwaje. Wanajibiwa kwamba dhahabu ni bahati. Jibu hilo linanikera mpaka mwiko unanitoka mkononi. Bahati gani hiyo inayochagua mlango wa kubisha hodi?

Shamba lilikuwa la baba yetu. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka akanilegeza kiuno. Yeye alipelekwa sekondari, mimi nikapelekwa kwa mume. Ng'ombe wa mahari yangu ndio waliouzwa akapata mtaji wa duka la vitenge Shinyanga mjini. Nasema bila chuki, au kwa chuki kidogo. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walinifungashia virago, nikarudi kwa baba na mwanangu, nikashika jembe. Baba naye akafa. Tangu hapo kwa miaka kumi na mmoja hakuna mkono mwingine uliolima shamba lile, na minyaa yote ya mpakani niliipanda mimi.

Kisha dhahabu ikaonekana kwa jirani. Wachimbaji wakaufuata mwamba, nao ukawaleta moja kwa moja mpaka kwenye karanga zangu. Desturi ya hapa ni kwamba mwenye shamba hupewa mgawo wake katika kila mfuko wa mawe unaotoka chini. Basi nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikaandikishwe.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mayu. Karibu." Aliniita mayu, yaani mama, akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. "Tunakufahamu, wewe ni mkulima hodari. Ila fomu inamtaka mwenye shamba. Mwite mdogo wako."

"Mdogo wangu hajui hata mpaka unapita wapi."

"Ndiyo maana upo wewe," akasema, akacheka.

Nilipanda basi kwenda Shinyanga nikiwa na jambo moja tu moyoni: tuandikwe wote wawili, jina lake na jina langu. Sikutaka kumnyang'anya. Dukani alinipokea vizuri mno. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, akaagiza soda, akanikunjia doti ya kitenge nisiyoiomba. Nilipomweleza, akanishika bega.

"Dada, jina ni karatasi tu. Mali ni yetu."

"Kama ni karatasi tu, basi liandikwe langu."

Alicheka, na wateja wake wakacheka, nikajikuta na mimi nacheka. "Twende," akasema, "tutaongea hukohuko." Nilimwamini. Nampenda mdogo wangu, hilo ndilo tatizo. Angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi.

Siku ya kupima, walifika mwenyekiti, wajumbe wawili, jirani, na kiongozi wa wachimbaji. Mdogo wangu alikuja na viatu vya ngozi. Walipomwambia awaonyeshe mipaka akaanza kuelekea kulia, kwenye mihogo ya watu. Nikasema moyoni, sasa wataona wenyewe. Nikakaza khanga kiunoni, nikatangulia. Niliwaonyesha mnyaa mmoja baada ya mwingine. Niliwaonyesha kisiki ambacho baba alikikata akashindwa kuking'oa, na mfereji niliouchimba mwenyewe mwaka ule mvua ilipobeba mbegu. Jirani alijaribu kudai kwamba kwake kunafika mpaka kichuguu. Nilimkalia kooni. Nilimtajia nani alilima wapi na mwaka gani alivuna nini, mpaka akainamisha kichwa, wajumbe wakawa wanaitikia, "Kweli, kweli." Mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye anayelijua shamba hili." Miguu ilikuwa inaniwasha kwa upupu, wala sikujali. Sijawahi kujisikia mwenye mali kama asubuhi ile.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilidhani nikionyesha kwamba nalijua shamba, nitakuwa nimeonyesha kwamba ni langu.

Tulirudi ofisi ya kijiji. Meza ililetwa barazani, mwenyekiti akajaza fomu, akamgeuzia mdogo wangu. Akasaini upesi, kama anavyosaini risiti za dukani. Mimi nilibaki nimesimama nyuma yake. Kisha mwenyekiti akaniita, "Na wewe, mayu, njoo. Pako ni hapa."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Niliishika kalamu, na kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na macho bado ni mazima, nikasoma kwanza. Juu palikuwa na jina la mdogo wangu: mwenye shamba. Chini yake, pale kidole cha mwenyekiti kilipokuwa, paliandikwa: shahidi wa mipaka. Nilikuwa naombwa nithibitishe kwamba shamba lote nililowazungusha, kuanzia kisiki mpaka kichuguu, ni lake.

Nilimtazama. Akaniinamia sikioni. "Dada, usiniaibishe mbele za watu."

"Ulisema tutaongea."

"Tutaongea nyumbani. Usiposaini hakuna shahidi mwingine, jirani atachukua mpaka kichuguu. Unataka kumpa yeye?"

Sikutaka. Ningeweza kuitupa ile kalamu, na siku nyingi tangu hapo nimeitupa nikiwa peke yangu, nakoroga wali. Siku ile nilisaini. Niliandika jina langu lote kwa mwandiko mzuri, huku machozi yananilengalenga, na mjumbe mmoja akanisifu.

Nyumbani hatukuongea. Alikula, akashukuru, akaniahidi kwamba mwanangu atasoma kwa gharama yake. Anasoma kweli, ada inalipwa kila muhula, na kila muhula nampigia simu mdogo wangu kumshukuru. Nikikata simu nahamisha mafiga.

Ila kabla hajarudi mjini tulipita shambani, mimi na yeye, kuona wachimbaji wakianza. Walikuwa wameshang'oa karanga na kuzirundika pembeni, na majani yake yalikuwa bado mabichi. Nilisogea nichambue zilizokomaa. Kiongozi wa wachimbaji akanikimbilia, mikono ameiinua, mpole kabisa.

"Samahani sana, mayu. Hapa kwenye shimo mwanamke hasogei, dhahabu inakimbia. Ni miiko yetu, usikasirike." Halafu, ili lisiwe neno lake peke yake, akageuka na kuuliza, "Au mwenye shamba anasemaje?"

Nikafungua mdomo nijibu. Mdogo wangu alikuwa ameshajibu.