Bikira Maria Mwenye Chale

Jumatatu asubuhi jirani alinipigia simu kuniambia kwamba mchongaji wetu wa Manzese ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wakamkumbuka: ndiye yule mzee wa Kimakonde aliyekataa kunichongea mkongojo wa baba yangu mpaka amwone kwanza mwenyewe akitembea. Nilinung'unika sana, kisha nikampeleka nyumbani. Leo baba hauachi mkongojo ule hata akienda msalani. Nilimpenda mzee yule, na sioni haya kulisema sasa kwa kuwa sikumwambia alipokuwa hai.

Miaka michache iliyopita parokia yetu ilimwomba achonge sanamu ya Bikira Maria. Akajifungia karakanani, yeye aliyezoea kuchonga huku akitaniana na kila mpita njia. Siku alipoifunua mbele ya kamati yetu ya parokia, watu walitazamana. Maria wa mpingo alikuwa na chale mashavuni na kwenye paji la uso, kama wanawake wa Kimakonde wa zamani. Na uso wenyewe sote tuliujua: ulikuwa wa mkewe, mama anayeuza mihogo sokoni Tandale. "Mzee, Bikira Maria hakuwa Mmakonde," mjumbe mmoja alisema. "Hata Mzungu hakuwa," mzee akajibu, "na yule wa kwenye kalenda yako hujawahi kumlalamikia." Tukacheka, lakini mjumbe hakucheka. Akasema chale zipigwe msasa zitoke, la sivyo sanamu haiingii kanisani.

Nilimfuata mzee karakanani, nikamshauri akubali yaishe. Akatikisa kichwa. Tangu wahamie mjini, alinieleza, mkewe huvuta kanga mpaka shavuni. Sokoni walishamuuliza kama alipigana na paka. Kwenye harusi ya binti yao alikataa kupigwa picha. "Namwambiaga kila siku kwamba mie nauona uzuri wake, hasikii. Maneno siyawezi, najua patasi tu. Sasa nikizifuta hizi, si nitakuwa nimemwambia wale wa sokoni walisema kweli?"

Paroko alipokuja kuamua, aliomba mama mwenyewe aitwe. Akaja na kanga yake usoni, akaiona sanamu, akawaka. "Wewe baba, ndiyo umeamua kunianika mpaka kanisani?" Mama akaisogelea, akapitisha kidole kwenye shavu la mpingo, chale moja baada ya nyingine. Sauti ikamshuka. "Ndivyo unavyoniona hivi?" Mzee akasema, "Kila siku." Paroko alikohoa kidogo, akamgeukia mjumbe wetu. "Bwana wetu alifufuka na makovu yake. Nani anataka kuanza na msasa?" Sanamu ikabaki.

Siku hizi sanamu zinatoka dukani zimefanana kama chupa za soda, na simu zetu zinafuta kila doa usoni kabla hatujamtumia mtu picha. Sina ugomvi na maendeleo, hata safu hii naiandika kwa simu. Ila nadhani tunasahau imani yetu inaanzia wapi. Inaanza na Mungu anayeshika udongo, anaufinyanga, kisha anautazama na kuufurahia. Mzee yule hakusomea teolojia wala hakuwa malaika, maana ubishi wake niliuonja. Lakini alipochonga alifuata njia hiyohiyo: alitazama kwanza, akapenda, ndipo akashika patasi.

Kwenye mazishi mjane alikaa mbele, kanga mabegani. Mpiga picha, kijana mstaarabu, alimwinamia. "Shikamoo mama. Nikupige picha kwa ubavu?" Machozi yalikuwa yakipita katikati ya chale. "Marahaba mwanangu. Piga uso wote," akasema. "Mwenyewe ndiyo aliupenda hivi." Nilirudi nyumbani nikakaa barazani, nikamtazama baba akivuka ua na mkongojo wake, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Sijui kwa nini sikuwahi kuuona mguu ule. Mzee yule, mgeni kwetu, alihitaji dakika chache tu kuuona, kwa kuwa alikuja kutengeneza kitu cha kumsaidia. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika habari za mtu yeyote, najiuliza kwanza kama nimempenda kiasi cha kumtazama vizuri.