Miguu ya Tangi la Muleba

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa kijana wa kutembea kifua mbele, nimesimama Muleba naitazama kazi ya mikono yangu. Enzi za Mwingereza hizo. Zahanati ya wazazi ilitaka stendi ya kuinulia tangi la maji, na bwana wangu wa kazi, Mzee Kaijage, mwenye karakana Rwamishenye, akanikabidhi mimi. Nikachagua mabomba membamba, nikayachomelea marefu, nikayapaka rangi ya fedha. Unatujua sisi Wahaya: kitu kisipoonekana kutoka barabarani, ni kama hakijajengwa. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzee Kaijage akaja kukagua. Akaizunguka stendi, akagonga mguu mmoja, akauliza, "Tangi ulilipimaje?"

"Tulilinyanyua watu wawili, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya. "Jepesi."

"Likiwa tupu!" akasema. "Mama yako akibeba debe moja la maji, shingo inazama mabegani. Humu yataingia madebe mangapi? Bomba jembamba na refu hupinda katikati, kisha linashusha kila kitu. Siku ya kulijaza, mama yako ataketi hapa chini."

Desturi ya karakana yetu ilikuwa fundi mwenyewe aketi chini ya kazi yake maji yakitiwa mara ya kwanza. Mimi kukaa nilikuwa tayari, ujana una jeuri. Lakini mama!

"Mama hapana, waitu," nikasema.

"Basi hao wajawazito watakaokinga maji hapa ni mama wa nani?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami niliona miguu ya watu wengine ndiyo ingevunjika. Nikakata yote. Nikatafuta mabomba mapana yenye ukuta mnene, nikafupisha miguu, nikaifunga kwa vyuma vya mshazari. Ikatoka stendi nene, fupi, isiyo na madaha hata kidogo.

Siku ya kujaza, mama akaja na kisu na ndizi zake. Akaketi chini ya tangi akimenya chakula cha mchana, maji yakipanda juu ya kichwa chake. Mimi nilikuwa nikikodolea macho kila kiungo. Yeye hakuinua macho hata mara moja, na tangi likajaa bila mguu kupinda. Nilimpenda mama siku zote, lakini siku ile nilijua kwamba ananiamini kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyeanza kushika chuma: pima mzigo ukiwa umejaa, uongeze upepo na watoto watukutu watakaoparamia, ndipo uchague bomba. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua ile nene. Na usimwekee mtoto wa mwenzako kitu ambacho usingemwekea mama yako.

Mungu akutie nguvu mikononi na huruma moyoni, na wote watakaokaa chini ya kazi zako wazeeke salama.