Mkunazi wa Uani kwa Mama

Harufu ya kunazi mbivu sokoni Korogwe hunirudisha uani kwetu Handeni, baba akiwa amezikwa karibuni, siku ile baba mkubwa alipokuja na shoka.

"Majani ya mkunazi ni ya kuoshea maiti," alisema. "Ndiyo maana misiba haiishi hapa. Naukata."

Mama alikuwa juu ya ngazi akipogoa, mikono imechanwa na miiba.

"Shikamoo, shemeji. Mti huu nimeupanda mimi. Ukitaka kuukata, anza na mimi."

Kisha akaendelea kupogoa, matawi yakidondoka miguuni pa shemejiye, mpaka baba mkubwa akarudi nyuma, akaondoka bila kuaga.

Msimu uliofuata mkunazi ulizaa sana. Mama alijaza kapu, akanituma nilipeleke kwa baba mkubwa mchana, watu wakiona.