Hatua Niliyoiruka

Nimekosa. Nilimfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba akili zake zimekwisha. Mtu huyo alikuwa amenilisha, akanipa chumba, akaniamini kuliko wanawe. Tangu niondoke kwake, miaka minne sasa, nimelibeba jambo hili bila kumwambia mtu mwingine. Leo nawaambia ninyi msionijua.

Niliingia Kilimanjaro nikiwa juu ya magunia ya mahindi. Kwetu ni kusini kabisa, upande wa Namtumbo, na nilitoka huko nikiwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilikuwa utingo Makambako, nikapakia vitunguu Singida, nikachoma matofali Babati. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kukumbuka nilikotoka, kisha nikaondoka. Safari hiyo lori letu liliharibika Bomang'ombe. Dereva akasema tungoje spea. Siku ya tatu nilichoka kungoja, nikapanda mlimani kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Sikurudi tena kwenye lile lori.

Kahawa niliyoichuma ilikuwa ya Mwalimu. Jina lake nitalificha. Alizaliwa kwenye kihamba hicho hicho, shamba la ukoo la migomba na kahawa, akasoma shule ya misheni, akapelekwa ng'ambo, akarudi na kufundisha hisabati chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini. Walitaka kumpa ukuu wa idara akakataa, akisema mtu akishapewa ofisi yenye zulia hafikiri tena. Wanafunzi wake wengine ni wakubwa wa nchi hii. Yeye alistaafu akarudi kwenye migomba ya baba yake, na huko presha ya macho ikamfanya kipofu.

Siku moja alinisikia nikihesabu madebe. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilipomjibu, akasema, "Basi wewe si wa kuchuma kahawa. Njoo uniazime macho."

Kazi ilikuwa kuandika. Yeye anasema, mimi naandika. Kulikuwa na jambo moja kuhusu namba tasa lililomkaa kichwani tangu ujana, na sasa, gizani, alikuwa anakaribia kulithibitisha. Mimi sikuelewa hata robo. Lakini alinichekesha. "Waliozipa jina hili hawakufikiri," alisema. "Eti tasa, na hizi ndizo zilizozaa namba nyingine zote."

Jamani, nilikuwa na raha! Asubuhi mtori wa ndizi wa Mama, mkewe, kisha kibarazani na daftari. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu nilikaa mahali mwaka mzima.

Kitu kimoja alikiogopa. Baba yake mzazi alipoteza kumbukumbu uzeeni, akawa anabisha hodi kwa majirani akiulizia nyumba yake mwenyewe. Mwalimu aliniambia, "Watoto watanificha, na Mama atanionea huruma. Wewe ni mgeni. Siku nikianza kupotea, wewe ndiye utakayeniambia. Umesikia?" Nikamwahidi.

Sasa nifike kwenye kosa. Ilikuwa Jumapili. Jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara ya binti yake, na tangu asubuhi nyama ilikuwa inanukia mpaka kwetu. Nilikuwa nimeshavaa shati la kutokea. Mwalimu akarudi kutoka kanisani akipapasa ukuta kwa haraka, uso unang'aa. Kulikuwa na hatua moja tu iliyobaki katikati ya uthibitisho wake, hatua iliyomkwamisha miezi, na alikuwa ameipata ibadani.

"Mchungaji amehubiri vizuri?" Mama akamuuliza.

"Mahubiri sijui. Ila matangazo yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri," akajibu. Akaniita niketi niandike kabla haijamtoka.

Nikaketi. Akaanza. Ilikuwa ndefu, jamani, inapinda huku na huku, na ngoma kwa jirani imeshaanza. Niliandika mistari miwili nikachoka. Nikafunika kalamu. Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafumba macho: nikawa nasugua kile kifuniko juu ya karatasi, kwarakwara, ili asikie sauti ya mtu anayeandika.

Akasema mpaka mwisho. Akaniambia nimsomee. Nikamwambia mwandiko umeharibika kwa haraka, nitaunakili vizuri nimsomee kesho yake. Akacheka, akaniruhusu niende zangu kwenye nyama. Nilijiambia kesho nitamwomba aseme tena.

Kesho yake jicho lilimvimba, akapelekwa hospitali mjini Moshi, akalazwa wiki mbili. Aliporudi aliuliza, "Ile ya Jumapili imo?" Nikasema imo. Ningesema nini? Nikazibandika kurasa pamoja, nikateremka mjini, mtaa wa Majengo, kwenye duka la kuchapa, na kazi yote ikatumwa kwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye anafundisha chuo kikuu.

Jibu lilipokuja nililisoma mimi, kibarazani, Mama akiwa anachambua maharage. Yule mwanafunzi aliandika kwa heshima, shikamoo nyingi, kisha akasema ameisoma kazi mara tatu. Kati ya ukurasa wa tisa na wa kumi hatua moja haipo, na bila hiyo hakuna kinachofuata.

Mwalimu akacheka. "Huyu alikuwa hivyo hivyo darasani, anasoma kama anakimbizwa. Nisomee ukurasa wa tisa."

Nikasoma. Nikafika mwisho wa ile mistari miwili nikanyamaza.

"Endelea."

"Imeishia hapo, Mwalimu."

"Nilikutajia Jumapili ile, nilipotoka kanisani. Nilikutajia au sikukutajia?"

Mama aliacha kuchambua. Mimi nikaona chumba changu, kitanda changu, mtori wa asubuhi, vyote vinaondoka. Nikasema, "Hukunitajia, Mwalimu. Uliniambia umeipata, lakini hukuisema."

Mungu wangu! Hakubisha hata kidogo. Mtu aliyefundisha miaka yote hiyo, asiyekubali neno la mtu bila kulipima, neno langu alilipokea hivyo hivyo. Akauliza polepole, "Kwa hiyo imeanza?" Nami sikujibu, na kutojibu kwangu kukawa jibu.

Alijaribu siku kadhaa kuitafuta upya. Anaanza, anafika katikati, anasimama. Ninaamini angeipata kama asingekuwa na hofu. Kisha akaacha. Alikuwa akiwajua watu kwa nyayo zao kabla hawajafika mlangoni, akiwataja majina na kuwatania. Sasa akawa anangoja wajitaje, asije akakosea. Akawa anamuuliza Mama kama yeye mwenyewe ameshakula, ilhali anajua amekula. Watoto wakapiga simu kutoka Dar es Salaam, wakaanza kuzungumza na Mama badala ya kuzungumza naye. Majirani wakasema meku, yaani mzee, anafuata njia ya baba yake.

Na mimi nilichokiruka sikuwa nimekielewa, kwa hiyo sikuweza kukirudisha. Hapo ndipo nilipolia.

Miezi sita nilikaa hivyo. Asubuhi moja nikauacha mtori mezani, nikaenda kibarazani, nikapiga magoti, nikamweleza yote: ngoma, nyama, kifuniko cha kalamu, uongo wangu mbele ya Mama. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Mama ndiye aliyekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Uliisema yote. Wewe ni mzima."

Akautafuta mkono wangu, akaushika. "Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini uliniambia ukweli siku ile ilipokuwa vigumu, na nilikushukuru. Usiuharibu sasa kwa kunionea huruma."

Nilimwapia. Akanipigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mtoto, akasema nikanywe chai, imepoa.

Nilimfuata Mama jikoni nikamweleza na yeye. Aliweka mwiko chini. Akasema, "Nakuamini mimi. Ila yeye hataniamini." Akageukia sufuria yake. Sikungoja aniambie niondoke.

Niliteremka kwa miguu mpaka Bomang'ombe na begi moja, nikapanda gari la kwanza lililosimama, na sikuuliza linakwenda wapi. Sijarudi na sitarudi. Nimepita miji mingi tangu hapo, na kila nilikolala nimelala nikiukumbuka ule mlima.

Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu mmemdanganya, msijiambie kwamba ukweli utangoja mpaka mpate ujasiri. Mwambieni leo, wakati bado anaweza kuwaamini.