Hoja Iliyomponza Mjomba Mloka

Wengi wenu mkasa huu mmeusikia nusu tu, tena si kwangu, mmeusikia kwa watu wa Mkuyuni ambao mpaka leo wakiniona wanasema "huyo ndiye aliyemwita akida mbuzi," halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nusu hiyo inachekesha kweli. Nusu ya pili hawaisemi mbele yangu. Leo nitaisema mwenyewe, maana aibu yake ni yangu na nimechoka kuibeba kimya kimya.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli imeshafika Morogoro mjini, na mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, mwanafunzi wa shule ya misheni huku juu milimani. Wenzetu walijifunza kusoma, hesabu na useremala, wakarudi makwao. Sisi wakubwa watatu tulibakizwa tuandaliwe kuwa walimu, na padri mmoja Mjerumani, mzee mrefu mwenye ndevu mpaka kifuani, akaamua kutufundisha kitu alichokiita falsafa (sisi tulidhani ni dawa). Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mbuzi ana ndevu. Mimi nina ndevu. Je, mimi ni mbuzi?" Tukatazamana. Akasema, "Sentensi mbili za kweli, na jibu la uongo. Kwa nini?" Ilituchukua wiki nzima kuona kosa liko wapi, na nilipoliona mimi wa kwanza, jamani, nililewa. Sijawahi kuonja pombe iliyonilewesha namna ile.

Ikawa hakukaliki nami. Nikija nyumbani likizo namwambia mama, "Mama, ugali huu ama umeiva ama haujaiva, hakuna la tatu," naye ananijibu bila kugeuka, "Ama unakula ama unaondoka, hakuna la tatu." Watoto wa jirani waliacha kucheza karibu na kwetu kwa sababu kila walichosema nilikidaia uthibitisho.

Aliyenivumilia alikuwa mjomba wangu Mloka, kaka yake mama. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye mimi hasa alikuwa yeye, na ni yeye aliyeniruhusu kwenda misheni wakati wazee wenzake wanasema nitapotea. Nilikuwa namwambia habari za sentensi ya kwanza na ya pili, anasikiliza mpaka mwisho, anasema, "Vizuri. Sasa nisaidie kushika huu mpini."

Sasa, katika miaka ile Wajerumani walikuwa wameweka mawe ya mpaka kwenye mteremko juu ya kijiji chetu, na kila kilichokuwa juu ya mawe kikawa msitu wa serikali. Wazee wetu walikata miti huko tangu enzi na enzi, leo unaambiwa ukikata ni mwizi. Basi likizo ile, siku ya gulio la Mkuyuni, mvule mmoja ukakatwa juu ya mawe. Askari wa msitu aliuona asubuhi umesimama, jioni, kabla watu hawajarudi gulioni, akakuta kisiki. Hazikupita siku kumi, akida, mtu wa serikali aliyewasimamia majumbe, akaja na mzungu wa misitu kutoka bomani, wanaume wote tukaitwa uani kwa jumbe wa kijiji.

Kabla hatujatoka, mjomba alinivuta pembeni. "Kosmasi, leo hatusemi. Kila atakayeulizwa atasema hajui. Watafoka, watachukua mbuzi wa kijiji mmoja au wawili, wataondoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

Na kweli nilimsikia, ila nilimsikia kama anavyosikiwa mtu ambaye hakusoma falsafa.

Tukakaa chini. Mzungu alikaa kwenye kiti cha kukunja, kijana mwembamba, hasemi kitu. Akida alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa vizuri, na mkononi ameshika kipande cha gogo kilichobanduliwa kwenye kile kisiki. Akauliza mmoja mmoja, kila mtu akasema hajui. Alipofika kwa mjomba, akataka kuona shoka lake. Likaletwa. Makali yake yalikuwa na pengo dogo, na kile kipande cha gogo, kila palipopita shoka pameacha mstari, kama unavyoachwa na shoka lenye pengo.

"Mti umekatwa na shoka lenye pengo," akida akasema. "Shoka la Mloka lina pengo. Basi aliyekata ni Mloka. Mnaona?"

Ningekaa kimya. Kila kitu kilichofuata kilitoka hapo, kwenye kule kuinua mkono. Lakini mwalimu wangu alikuwa amenifundisha kosa hilohilo, nami nikaliona limesimama uani mchana kweupe, limevaa kanzu, linataka kumchukua mjomba wangu! Nikainua mkono, nikasimama. Mjomba akanivuta shuka, nikajinasua.

"Bwana Akida, hoja yako haishiki," nikasema. "Ni sawa na mtu aseme: mbuzi ana ndevu, Bwana Akida ana ndevu, basi Bwana Akida ni mbuzi."

Naapa nilikuwa sina nia ya kutukana. Ulikuwa mfano wa darasani, padri alikuwa akijisemea hivyo mwenyewe. Lakini padri alikuwa anazisemea ndevu zake, mimi nazisemea za mwenzangu tena mbele ya kijiji kizima, na watu walikuwa wamebanwa na hofu tangu asubuhi, wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka bondeni. Mzungu naye akacheka. Hapo ndipo uso wa akida ulipobadilika.

Akaja mpaka tukawa pua kwa pua. "Vizuri, msomi. Kama si Mloka, tuambie wewe ni nani. Ukishindwa, utapigwa wewe kwa kunitukana."

Nikamtazama mzungu. Akaitikia kwa kichwa kwa upole, akasema, "Endelea." Jamani, neno lile moja lilinipa kiburi kuliko hofu ya kiboko. Nikaanza kama niko ubaoni. Nikasema aliyekata alikuwa mlimani siku ya gulio. Nikasema siku hiyo wanaume wote wa hapa walishuka Mkuyuni, nilishuka nao na kurudi nao, waliobaki ni wawili tu. Wa kwanza ni mjomba, na mjomba alikuwa na homa, asubuhi nilimpelekea uji mwenyewe akashindwa hata kukaa. Nikasema, "Kwa hiyo…"

Nilikuwa nimepanda hoja kama ngazi nikitazama vipandio tu, sikutazama inafikia wapi.

"Kwa hiyo ni nani?" akida akauliza.

Jina sikulitamka. Nataka mlijue hilo, ingawa halinisaidii kitu. Vichwa vyote viligeuka kwa Kibwana, jirani yetu mrina asali, mtu mpole ambaye hakwenda gulioni kwa sababu alikuwa na mizinga ya kutazama. Kibwana alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Askari wawili wakamnyanyua, naye akafungua mdomo ajitetee, na neno likakataa kutoka. "Si… si… si…" Mishipa ya shingo imemsimama, macho yananitazama mimi, na akida anasema, "Mnaona? Anatetemeka."

Mjomba akasimama.

"Mwacheni huyo. Mti nimekata mimi."

Na mimi (hapa ndipo ninapoona aibu kuliko popote) nikambishia. Mbele ya watu wote nikasema, "Mjomba, haiwezekani, ulikuwa na homa."

"Ilishuka mchana," akasema. "Nyumba ya mama yako inataka nguzo, mvua zimeibomoa ukuta. Gogo liko korongoni linakauka. Sasa kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Yaani akida, kwa hoja yake mbovu, alikuwa amesema kweli. Na mimi, kwa hoja yangu iliyonyooka, nilikuwa nimemkamatisha asiye na kosa.

Mzungu hakucheka tena. Alisema maneno machache kwa Kijerumani, akida akayatafsiri: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, hapo hapo, halafu miezi miwili bomani Morogoro kubeba mawe. Mjomba alikuwa mtu wa makamo aliyekwisha kuota mvi. Walimlaza kifudifudi. Sitawasimulia. Nitasema tu kwamba hakulia, na kwamba mama alikuwa nyuma ya ua wa jumbe pamoja na wanawake wenzake, anasikia kila kiboko.

Walipomaliza nilikimbilia kumnyanyua. Kibwana alikuwa ameshafika. Akamshika mjomba kwapani, akanitazama, na safari hii maneno yalimtoka mazima, bila kukwama hata moja: "Wewe usimguse."

Nilirudi shuleni nikamweleza padri yote. Alisikiliza kwa huzuni, kisha akachukua chaki akanionyesha ubaoni kwamba mpangilio wa hoja yangu ulikuwa hauna kasoro, kosa lilikuwa kwenye sentensi moja tu. Nadhani alitaka kunifariji. Niliitazama ile sentensi ilivyoandikwa pale, "Mloka alikuwa kitandani," fupi, nyeupe, nikaomba ruhusa nikatoka nje.

Mwezi wa pili wa kifungo chake nilishuka Morogoro na kikapu cha chakula alichonipa mama. Mjomba alikuwa amekonda, viganja vimechubuka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo." Nikakitua kikapu mbele yake. Kisha nikasema, "Nilikuwa na hakika, mjomba. Nilikuona umelala."

Akakaa anatafuna muhogo, akameza, ndipo akanijibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Uliniona nimelala ukiwa umesimama mlangoni. Ulipotoka, hukuniona tena. Hayo mengine ulijazia mwenyewe, kwa sababu unanipenda. Sikulaumu kwa kunipenda. Lakini Kibwana naye ana watu wake."

Nilimaliza masomo, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wengi kutafuta kosa kwenye hoja, na wengine walikuwa hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Kibwana ilimchukua miaka mitatu kuitikia salamu yangu. Na tangu siku ile, nimeulizwa mara nyingi na wakubwa wa kila namna nani kafanya nini, mara nyingine nikiwa na hakika kabisa, hakika ya kuweza kuapa. Nikawajibu sijui, nikasubiri waudhike. Mtu sijamtaja tena mbele ya mwenye kiboko, wala sitamtaja.