Mkalimani wa Kikohozi

Mutwalibu alikuwa na sauti. Baba yake, mpagazi aliyeachwa na msafara pale mpakani akaoa mwanamke wa Kisamia, hakumwachia ng'ombe wala shamba. Alimwachia koo hilo tu, na kwa koo hilo Mutwalibu akawa mwadhini wa msikiti mdogo wa Busia, upande wa Uganda. Hata Waislamu wa ng'ambo, upande wa Kenya, waliamka kwa adhana yake, maana sauti haiombwi kibali cha kuvuka.

Miaka ile ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala pande zote mbili, daktari mmoja Mzungu kutoka Tororo alianza kuzunguka masokoni kuwafundisha watu habari za kifua kikuu. Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai na kumfukuza mbwa. Akahitaji mkalimani, akaambiwa yuko mtu Busia anayesikika nchi mbili.

Kazi ile ilimkaa Mutwalibu kama kanzu iliyopimwa. Daktari akitoa sentensi moja, yeye alitoa kumi.

"Kikohozi kikipita wiki tatu, waje hospitali," daktari alisema kwa Kiingereza, sokoni Dabani.

"Jamani!" Mutwalibu akapokea. "Unakohoa leo, kesho, mtondo, mwezi unaandama na bado unakohoa! Nguo zinakupwaya, usiku shuka linalowa jasho utadhani limetoka mtoni, ukitema unaona damu. Usimtafute jirani aliyekuroga. Jirani hana habari na wewe, ana shida zake. Njoo hospitali, dawa iko!"

Watu wakacheka, na wakasikia. Akawaeleza kwamba ugonjwa huu hupita hewani mgonjwa anapokohoa, na kwamba hupenda nyumba iliyofungwa. Funika mdomo. Tema kwenye kopo lenye kifuniko. Fungua dirisha, jua liingie. Na ili aliyeketi nyuma naye aelewe, akawaonyesha jinsi kikohozi chenyewe kilivyo.

Kikohozi hicho ndicho kilichompa jina. Mwaka wa kwanza kilikuwa cha kuigiza. Mwaka wa pili alikianza yeye, lakini kikawa kinajimaliza chenyewe. Siku moja huko Lumino kilimkunja mpaka akashika mguu wa meza, macho yamemtoka, na umati ukashangilia. Daktari naye akapiga makofi.

"Vizuri sana, Mutwalibu! Kabisa kabisa!"

Mutwalibu, pumzi bado haijarudi, aliinamisha kichwa kushukuru.

Nyumbani mkewe Rehemah hakushangilia.

"Baba Fatumah, hicho kikohozi cha sokoni mbona unakileta mpaka kitandani?"

"Ni mazoezi."

Baadaye akasema ni vumbi la barabara. Adhana alimwachia kijana Faruku, akadai ni vizuri vijana nao wapate thawabu. Kanzu zake Rehemah alizipunguza ubavuni, mara moja, kisha tena. Na kwa kuwa mama yake Mutwalibu, bibi Zubaida, aliogopa baridi, dirisha la chumba walimokaa wote lilikuwa limezibwa kwa gunia. Mtu aliyefungulisha madirisha ya wilaya nzima alilala gizani kama kuku anayeatamia.

Si kwamba hakujua. Alijua kuliko wote pale. Lakini aliona haya. Angewaambia nini watu? Kwamba mwalimu amefeli somo lake mwenyewe?

Kisha wakaenda Nabuyoga. Siku hiyo daktari alimleta mwanamke mmoja Mteso, Akongo, aliyetibiwa akapona, ili watu wamwone kwa macho yao. Akongo alisimama kando akisubiri zamu yake. Mutwalibu alipokohoa, watu wakacheka, yeye hakucheka. Mkutano ulipoisha akamfuata nyuma ya gari.

"Mzee, hii kikohozi yako si ya mchezo."

"Mama, mimi ni mkalimani. Nawaigiza wagonjwa."

"Mimi nalala wadi na hii kikohozi usiku na mchana. Naijua kama sauti ya mtoto yangu." Akamtazama mabega. "Wewe nasema sokoni mimi niende hospitali, mimi nakwenda. Sasa mimi nasema wewe."

Mutwalibu alikwenda, ila si Tororo walikomjua. Aliazima koti la kizungu asitambulike, akavuka upande wa Kenya mpaka zahanati ndogo ya huko, ambako dresa aitwaye Osire, msaidizi wa tabibu, alimkalisha kwenye benchi.

"Jina?"

"Swaliki."

"Unakohoa tangu lini, mzee Swaliki?"

"Kama wiki moja hivi."

Osire akaweka kalamu chini. "Mzee, hiyo sauti ilikuwa ikiniamsha kila alfajiri. Na nilikusikia sokoni ukisema mgonjwa akitaja wiki, tuhesabu miezi. Haya, tema kwenye kopo, ufunike."

Makohozi yalipimwa, na ugonjwa ukaonekana. Daktari alipoletewa habari alishika paji la uso.

"Mimi napiga makofi," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe nakufa, mimi napiga makofi."

Mutwalibu alilazwa Tororo miezi mingi, sindano kila asubuhi, vidonge juu yake. Alipoanza kunenepa alitaka kutoroka, kama wengi wanavyofanya, akidhani kupata nafuu ndiko kupona. Akongo alikuja kumwona, akamletea karanga, akamkemea akatulia.

Watu wa nyumbani nao walipimwa. Rehemah na binti yao Fatumah walikuwa salama. Bibi Zubaida alikuwa na ugonjwa, na mwili wake wa kizee haukuhimili. Rehemah alikuja akasimama nje ya dirisha la wadi.

"Mama ametutoka. Tumemzika jana."

Mutwalibu alishika ukingo wa dirisha. Akasema, "Lile gunia."

"Nimelitoa," alisema Rehemah.

Alipotoka alirudi masokoni na daktari, safari hii akisimulia yaliyompata mwenyewe, pamoja na habari za mama yake. Alidhani sasa ndipo watu wangesadiki. Hawakusadiki. Wengine walisema ugonjwa umemwadhibu kwa kuukejeli. Wengine, kwamba Mzungu alimwambukiza makusudi ili apate mfano. Wengi walirudi kwenye biashara zao kabla hajamaliza, kwa kuwa hakuna aliyekuja sokoni kusikia msiba.

Akaacha ukalimani, akauza samaki wakavu. Lakini mdomo haukutulia. Mteja akikohoa mbele ya meza yake, alimuuliza tangu lini, na akijibiwa wiki moja, alifunga biashara akampeleka mwenyewe.

Ndivyo alivyompeleka Ojulong, mfugaji aliyekonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Waliposhuka stendi ya Tororo wakashika njia ya hospitali kwa miguu, Ojulong akauliza:

"Sasa wewe unajuaje dawa inaponya?"

"Nilikuwa nao huo ugonjwa. Nikapona."

Ojulong, aliyekuwa akikohoa tangu Busia, aliziba pua kwa kofia, akavuka haraka upande wa pili wa barabara. Mutwalibu hakubishana naye. Wakaendelea hivyo, kila mtu na ukingo wake, mpaka getini.