Namba ya Tatu

Kwa masika mawili watu wa Mlabani, pale Ifakara, hawakuvuka Mto Kilombero kwenda mashambani bila kupita kwanza kwenye ubao wa Restituta. Ulitundikwa nje ya ofisi ya mradi wa maji, na kila asubuhi Restituta aliandika hapo kwa chaki namba moja tu: kina cha mto kwa mita huko juu, upande wa Mlimba. Ikifika nne, kaa nyumbani, maana maji yale hushuka kwa siku mbili na kuzifunika mbuga za mpunga.

Namba ilitoka kwenye intaneti, neno ambalo mwaka ule wa tisini na tisa wengi Ifakara walikuwa bado wanalitamka kwa tahadhari. Wafadhili huko Ulaya walipokea vipimo kwa setilaiti, wakavipanga kwenye ukurasa wao. Restituta alianza kazi kama mpiga chapa, kompyuta akajifunza kwa ukaidi wake mwenyewe, na kwa kuwa laini ya simu iliyoleta intaneti ilikuwa ya kubahatisha, aliitungia mashine programu fupi: vuta ukurasa, tafuta tarehe ya leo, hesabu namba ya tatu kutoka kushoto, ilete. Hakuwa na haja hata ya kuutazama ukurasa wenyewe. Alijivunia sana programu ile, na nani angemlaumu?

Jumatatu moja ya Aprili ililetwa 2.1. Jumanne, 2.1. Jumanne hiyo mama yake, Bibi Marsiana, alipita na kikapu kichwani, anakwenda ng'ambo kuamia ndege wasile mpunga.

"Mto unasemaje, Resti?"

"Umelala, mama. Nenda tu."

Jumatano ikaja 2.1 tena. Restituta akasimama mbele ya ubao wenye namba ya jana, chaki mkononi, asiandike. Mvua ilikuwa imepiga milimani siku tatu mfululizo. Mto gani wa masika husimama mahali pamoja siku tatu?

Akarudi ndani kuufungua ukurasa aone kwa macho yake. Laini ikakatika mara mbili. Mara ya tatu ukaja, mstari mmoja mmoja, polepole kiasi cha kutia hasira. Wenye ukurasa walikuwa wameongeza safu mpya katikati: wastani wa mwezi huo kwa miaka iliyopita. Hiyo ndiyo sasa ilikuwa namba ya tatu. Kina cha mto kilikuwa kimesogezwa hadi nafasi ya nne. Jumatatu 3.2. Jumanne 4.4. Jumatano 5.1.

Hakuna aliyetoa taarifa, hata ya mstari mmoja. Programu nayo haikulalamika. Iliagizwa kuleta namba ya tatu, ikaileta. Maji ya Jumanne yangefika mbugani kesho alfajiri, na ng'ambo kulikuwa na watu waliovuka kwa kumwamini yeye. Restituta akachukua baiskeli ya ofisi, akaikanyaga kwenye tope hadi kivukoni.

Mzee Pantaleo, mwenye mitumbwi, alikuwa akipakia abiria.

"Shikamoo, mzee. Usivushe mtu. Nendeni mkawatoe walioko huko."

"Marahaba, binti. Mbona ubao wako nimeupita asubuhi hii? Mbili nukta moja."

"Ubao umekosea."

"Ubao haujakosea hata siku moja." Abiria wakacheka kidogo. "Na maji yenyewe haya hapa, yametulia. Nani kakuambia?"

Kweli mto ulikuwa umetulia. Restituta alitaka kusema ni kompyuta. Alitaka kusema ni Wazungu. Lakini angeanza hivyo, wangebishana hadi jioni.

"Nimekosea mimi," alisema, wote wakasikia. "Nimewaandikia namba isiyo ya mto, bila kuiangalia. Mama yangu yuko ng'ambo kwa sababu ya namba hiyo."

Pantaleo akawaambia abiria washuke, akawaita wenzake wenye mitumbwi.

Mitumbwi sita ilikwenda na kurudi mchana kutwa. Bibi Marsiana alikuja na wa mwisho, jioni, kuku kwapani, wakati kigingi cha kufungia mitumbwi kilikuwa kimeshaanza kuzama.

"Uliniambia umelala," alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Ulikuwa umeuona?"

"Hapana."

Mama akampa kikapu abebe, wakaenda nyumbani. Kufikia asubuhi, dungu alilokuwa akilala huko shambani lilikuwa limekwenda na maji.

Restituta aliiandika programu upya. Haikuhesabu tena namba. Ilitafuta safu yenye kichwa cha kina, na isipokiona kichwa hicho, au namba ikikaa vilevile siku mbili, iliandika neno moja. Mkubwa wake alisema neno lile linaiaibisha ofisi. Restituta hakulifuta.

Desemba, mvua za kwanza, watu wanavuka kwenda kulima, wale wa Ulaya wakaupangua ukurasa tena, kimya kimya kama kawaida yao, na laini ikafa kabla Restituta hajauona. Akatoka nje na chaki, akaandika alichoambiwa na mashine. Bibi Marsiana, aliyejifunza kusoma ukubwani, alifuatisha herufi kwa midomo, jembe begani: SIJUI.

"Leo hujui?"

"Sijui, mama."

Bibi akashusha jembe, akaketi kwenye ngazi ya ofisi. Waliokuwa nyuma yake wakaketi pia, wakasubiri.